Nyumba Namba Tisa, Mtaa wa Mlalo

Nilitoka kwa Violet saa moja kasoro jioni, mtoto mgongoni, kwenda kutafuta nyumba ambayo sikuwahi kuiona. Nilidhani ningerudi kabla maji ya kuoga hayajachemka. Violet alikuwa ndiyo kwanza ameyabandika jikoni.

"Si usubiri kesho?" aliniambia. "Asubuhi tutakwenda wote. Wewe hata kuuliza njia unaona aibu. Utauzunguka mji mzima."

"Cheti kina anwani," nikamjibu. "Sina haja ya kuuliza mtu."

Alicheka. "Happy na aibu zako. Siku moja zitakuua."

Tulisoma wote shule ya msingi, ndiyo maana ananisema hivyo. Nilimvalisha mwanangu kofia yake ya sufu ya njano, maana baridi ya Iringa ilikuwa imeanza kushuka, nikatoka.

Sikuweza kusubiri kesho. Asukile alikuwa na miezi minane, na tangu alipoanza kula, ngozi yake ilikuwa inabanduka kama maganda ya kitunguu. Ilianzia mdomoni, ikaja shingoni, ikashuka kifuani. Hospitali walinipa dawa ya kupaka, kisha nyingine. Hazikusaidia. Wiki ile alikuwa hanyonyi, halali, analia mpaka sauti inakatika, halafu analia bila sauti. Kilio cha bila sauti ndicho kilichonitisha.

Mama mkwe wangu, mama Tumpe, ndiye aliyesema neno. Tulikuwa nyumbani kwetu Ilomba, Mbeya, tunamkanda mtoto.

"Mimi ni Mnyakyusa, na wewe ni Mnyakyusa," alisema. "Lakini baba yake Jofrey alikuwa Mhehe, Kalinga. Wahehe kila ukoo una chakula chake cha mwiko. Mtoto akikila, ngozi inamtoka. Nilimuuliza mume wangu miaka yote, akawa anacheka tu. Amekufa hajasema. Sasa mtoto tunamlisha gizani."

Baba mkwe aligombana na ndugu zake akiwa kijana, akahamia Mbeya, hakurudi tena. Mume wangu Jofrey hakumjua ndugu hata mmoja wa upande huo. Msimu ule alikuwa anapakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, akaenda kuulizia mahali ambapo babu yake aliwahi kuishi. Akanipigia simu usiku.

"Hakuna nyumba hapa, mama Asu. Ni shamba la nyanya. Imebaki ile ya Iringa."

Ile ya Iringa ilikuwa imeandikwa nyuma ya cheti cha ubatizo cha baba mkwe, kwa wino uliofifia: Nyumba Na. 9, Mtaa wa Mlalo, Makorongoni. Ndipo alipozaliwa.

Mtaa wa Mlalo niliupata bila taabu. Siku hizi kila mtaa una nguzo yenye jina, na kila nyumba ina kibao cha bati chenye namba. Umeme ulikuwa umekatika. Nilitembea huku nikimulika vibao kwa simu. Tatu. Tano. Saba. Asukile alikuwa analia mgongoni kwa ile sauti yake iliyokatika.

Tisa.

Nyumba ilikuwa ya zamani, ya matofali ya udongo, bati limeingia kutu. Kibao kilikuwa kipya. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na ndani mlikuwa na mwanga mdogo mwekundu wa moto.

Nilisimama. Sijui nilisimama muda gani. Hata hodi naionea aibu.

"Ho... hodi."

Kimya.

Kisha sauti ya mwanamke mzee, taratibu kabisa, kama mtu aliyekuwa akinitazama muda wote.

"Karibu. Ingia, usiache mlango wazi."

Niliingia. Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Harufu ya udongo, kama shimo la viazi likifukuliwa wakati wa mvua. Kitu cha pili kilikuwa baridi. Moto ulikuwa unawaka mbele yangu, nauona kwa macho yangu, lakini mle ndani mlikuwa na baridi kuliko nje.

Bibi alikuwa amekaa upande wa pili wa moto, amejifunika shuka jeusi kichwani. Uso wake sikuuona vizuri. Nilipiga magoti kumsalimia.

"Kamwene, bibi." Neno hilo nilifundishwa na Violet.

"Kamwene. Wewe ni wa nani?"

"Nimeolewa na Jofrey Kalinga, bibi. Baba yake alizaliwa humu ndani. Shedrack."

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Sufuria mekoni ilikuwa inatokota polepole... bwata... bwata... bwata...

"Na huyo?"

"Ni mtoto wetu. Anaumwa. Tumekuja kwako utuambie mwiko wa ukoo." Nilimfungua mgongoni nikamnyoosha mbele ya moto, ngozi ile nyekundu ionekane. Nilitaka anihurumie. Ndipo niliposema maneno ambayo mpaka leo nayasikia. "Msaidie, bibi. Huyu ni wako."

Bibi alivuta pumzi. Ndefu sana. Kama mtu aliyekuwa hajavuta pumzi siku nyingi.

"Mlete nimpakate."

Mikono yake ilipogusa yangu ilikuwa ya baridi, na kucha zilikuwa na udongo. Alimvua Asukile kofia, akaiweka juu ya kigoda. Akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, kama wazee wanavyobariki. Akainama, akamnong'oneza kitu sikioni.

Asukile akanyamaza.

Wiki nzima sikuwahi kusikia kimya kama kile. Machozi yalinitoka.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Asukile."

"Hilo si la kwetu. Nimempa la kwetu."

Nilitaka kuuliza ni lipi. Nikaona aibu.

Alinipakulia ugali na majani ya maboga kwenye bakuli la udongo. Sikuwa na njaa, lakini kukataa chakula cha bibi wa mume wako, siku ya kwanza kabisa, ungefanyaje? Nilimega tonge moja, nikachovya, nikala. Mboga ilikuwa chapwa, haina chumvi hata chembe. Nilidhani amesahau. Nikaona aibu kuomba.

"Unaona kuna kilichopungua?" aliuliza.

"Hapana, bibi."

"Kipo. Na ndio mwiko wetu." Sauti yake ilishuka. "Chumvi. Usimlishe chumvi. Wangu wote walikula chumvi... wakaniacha."

Asukile alikuwa amelala mikononi mwake. Ilibidi nimvute mara mbili ndipo akamwachia. Nilishukuru, nikatoka kinyumenyume kwa heshima. Nje giza lilikuwa limeingia kabisa. Nilifika kwa Violet nikamkuta anaepua maji. Yalikuwa ndiyo kwanza yamechemka.

"Umerudi? Hujaipata?" aliniuliza.

"Nimeipata."

"Muda huu huu? Na kofia ya mtoto iko wapi?"

Nilikuwa nimeisahau kwenye kigoda.

Asubuhi Asukile aliamka anacheka. Shingo ilikuwa imekauka. Kule kulikokuwa kunatoka majimaji kulikuwa na ngozi mpya, laini. Violet alimgeuzageuza, akapiga vigelegele, akasema lazima twende tukamshukuru bibi na kuchukua kofia. Nami nilitaka kumuuliza lile jina alilompa mtoto, safari hii bila aibu.

Tulipofika namba tisa, Violet alisimama.

"Happy. Ni hii?"

Mlango ulikuwa na kufuli. Kufuli lilikuwa limeshikana kwa kutu, likawa donge moja. Nyasi zilikuwa zimeota kizingitini, zimesimama wima, hakuna hata jani lililokanyagwa.

Jirani alitoka na ndoo yake, mama wa makamo. Violet alimweleza tunatafuta kwa akina Kalinga, nyumba namba tisa.

"Kalinga yuko kule juu, ishirini na tatu," alisema. "Anaitwa Juliana. Zamani ndiyo ilikuwa tisa, namba zilianzia kule juu. Hawa wa vibao vipya wameanza kuhesabia huku chini. Wageni wengi wanapotea."

"Na hii ni ya nani?" nilimuuliza.

Alishusha ndoo. "Haina mtu. Kibao wamepiga kwa sababu kila jengo lilipigwa. Alikuwa bibi mmoja, alizika watoto wake wote, mmoja mmoja. Mwisho jioni akawa anasimama hapo mlangoni, kila anayepita anamuuliza, 'Wewe ni wangu?' Watu wakawa wanapita barabara ya pili. Alipokufa hakuna aliyemrithi hata jina." Alinitazama mimi, kisha mtoto. "Kwa nini?"

Nilikuwa nimeweka jicho kwenye ufa wa dirisha. Ndani mlikuwa na vumbi na giza. Mafiga matatu, majivu ya zamani. Na kigoda.

Juu ya kigoda, kofia ya sufu ya njano.

Violet naye alichungulia. Aliniachia mkono, akarudi nyuma hatua tatu. Tulipanda moja kwa moja mpaka ishirini na tatu.

Shangazi Juliana, dada yake baba mkwe, alitupokea kwa kelele na vicheko. "Mtoto wa Shedrack ana mtoto! Na pua ndiyo hii hii ya kwetu, maskini, kama kiazi!" Alitupa chai, akalia, akacheka tena. Nilipomuuliza mwiko, hakufikiri hata kidogo.

"Maini. Kalinga wa hapa hatuli maini. Mlimpa maini?"

Nilikuwa nampa supu ya maini tangu alipoanza kula, ili apate damu.

"Basi acheni tu, atapona. Ni kitu kidogo hicho."

Violet alinikanyaga mguu. "Mwambie," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie la jana."

Nilimweleza. Shangazi Juliana aliweka kikombe chini. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni.

"Alisema mwiko ni nini?"

"Chumvi."

"Mwanangu," alisema taratibu, "hakuna ukoo wa watu walio hai wenye mwiko wa chumvi. Wanaokula bila chumvi tunawajua. Ulimpa mtoto kwa mkono wako?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa mdomo ulisemaje?"

Violet akasema badala yangu. "Alisema, huyu ni wako."

Shangazi akaniambia la kufanya. Nirudi jioni ile ile, saa ile ile, peke yangu na mtoto. Nipige hodi, nichukue kofia kwa mkono wangu, niseme kwa sauti: huyu si wako. Basi. Hakuna zaidi.

"Na ngozi yake?" nilimuuliza. "Ikiwa yeye ndiye aliyemponya?"

"Hilo silijui, mwanangu. Labda ni yeye. Labda ni kwamba jana na leo hujampa maini."

Jioni nilikwenda. Nataka mjue kwamba nilikwenda. Nilisimama mbele ya namba tisa saa moja kasoro. Kufuli halikuwepo. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na ndani mlikuwa na mwanga mdogo mwekundu. Harufu ya udongo ilinifikia barabarani.

Asukile alikuwa amelala mgongoni, mzito, wa moto, anapumua vizuri. Nilisikia pumzi yake shingoni kwangu. Nilikumbuka kile kilio cha bila sauti.

Kutoka ndani sauti ikasema, taratibu, "Karibu. Ingia."

Nilifungua mdomo.

Nikageuka. Nikaondoka.

Sasa ni wiki ya tano tangu turudi Ilomba. Asukile ana ngozi nzuri kuliko mtoto yeyote wa mtaa huu. Mama mkwe anamwonyesha kila mgeni. Nilimwambia mwiko ni maini. La chumvi nilinyamaza, kwa aibu, na kwa kuogopa atakachoniuliza. Chakula cha mtoto nakipika mwenyewe, pembeni.

Wiki iliyopita mama mkwe alimlambisha mchuzi wake wa samaki kwa ncha ya kidole. Asukile alipiga yowe nililokuwa nimelisahau. Mdomo ulibanduka pale pale, alama ndogo ya duara, sawa na kidole. Ilipona usiku. Jina lake ukimwita hageuki siku hizi. Lakini jioni, saa moja kasoro, huutazama mlango, akanyoosha mikono yote miwili kama anayetaka kupakatwa, akacheka.

Jofrey anasema ni utoto.

Jana alikuja kutoka Ruaha Mbuyuni, nikapika majani ya maboga ya watu wote, sufuria moja kubwa. Tulikaa kula. Mama mkwe alimega tonge la kwanza, akatafuna, akasimamisha mkono.

"Happy, mwanangu. Mboga hii umesahau chumvi kabisa?"

Jofrey akaonja, akacheka. "Chapwa, mama Asu! Chapwa kabisa!"

Niliinuka kwenda kuleta chumvi, nikasimama jikoni nimeshika kopo.

Nilikuwa nimeionja mboga ile mara tatu wakati napika. Na mara zote tatu niliiona imekolea.