Ame na Naam Yake

Ame alirudi kutoka bandarini Malindi na vumbi la saruji mabegani. Alikoga, akala muhogo na samaki, akavaa shati safi.

"Haya, Mngereza wangu," mkewe Mize alimtania. "Leo utarudi na neno gani?"

"Nicheke tu. Siku nikiwa mnyapara hutonicheka."

Ame alikuwa hamali. Umri ulikuwa umepita arubaini, na mgongo ulianza kumsumbua. Mnyapara wa genge lao alikuwa karibu kustaafu. Mkuu wa ghala alikwisha sema wazi: kazi ile atapewa mtu anayeweza kusoma maandishi ya Kingereza kwenye mizigo. Ame aliiacha skuli akiwa mdogo. Kingereza hakukijua hata chembe.

Ilikuwa mwaka 1965. Darasa la watu wazima lilikuwa limefunguliwa mtaani kwao. Mwalimu alikuwa kijana wa Ghana, jina lake Kwabena. Alikuja kujitolea. Hakupokea mshahara, alipewa chumba na chakula tu. Kiswahili alijua maneno machache. Watu walishangaa.

"Mweusi kama sisi, halafu hajui Kiswahili?" alisema Mkubwa, muuza kahawa, aliyekaa benchi moja na Ame.

Mwalimu Kwabena alifundisha kwa nguvu zake zote. Aliandika, alichora, alirukaruka. Kila akimaliza neno, alimtaja mtu jina, akamuuliza kwa Kingereza kama amefahamu. Ame alisikia jina lake tu.

"Naam!" aliitika.

Mwalimu alitabasamu, akafuta ubao, akaandika neno jingine.

"Umefahamu kitu?" Mkubwa alinong'ona.

"Hata kidogo."

"Basi mwambie."

"Mwambie wewe! Mtu kaacha kwao, kaja kutusomesha bure. Nimwambie simfahamu? Nitamvunja moyo."

Siku moja meli ilileta saruji. Magunia yaliandikwa "KEEP DRY". Mkuu wa ghala alimwita Ame mbele ya wenzake.

"Wewe unasoma. Haya, soma."

Neno la kwanza Ame alilikumbuka. Maana yake ni weka. La pili aliwahi kuliona ubaoni. Mwalimu alichora nguo kwenye kamba, na juu yake akachora jua.

"Yawekwe juani," Ame alisema.

Magunia yakapangwa nje. Alasiri mvua ikanyesha. Saruji ikaganda, ikawa mawe.

"Imeandikwa yasirowe!" Mkuu alifoka baada ya kuuliza melini. "Unasoma nini huko, Ame? Jumatatu nitawapima tena. Ukishindwa, kazi nampa Mmanga."

Mmanga, hamali mwenzake aliyejidai kujua Kingereza, alicheka. "Ame, kesho tuanikie na unga!"

Ame alifika nyumbani. Alivua shati, akalitupa.

"Darasani siendi tena."

"Utakwenda," alisema Mize. "Mgongo wako utabeba magunia mpaka lini? Twende kwa Bi Tahera."

Bi Tahera alikuwa jirani yao. Aliwahi kusomesha watoto wa kike miaka mingi, na Kingereza alikijua vizuri.

"Shikamoo, Bi Tahera."

"Marahaba. Mbona uso umekukunjika?"

Ame alimweleza yote. Bi Tahera alisikiliza, kisha akauliza, "Mwalimu akikuuliza kama umefahamu, unamjibu nini?"

"Namjibu naam."

"Na kama hujafahamu?"

"Naam vilevile. Si kaniita jina? Mtu akiitwa aitike nini?"

Bi Tahera alicheka mpaka akajifuta macho.

"Masikini, mwalimu wa watu! Wewe unaitika, yeye anadhani umefahamu. Ndiyo maana anafuta ubao."

"Lakini kumwambia mwalimu hapana, Bi Tahera, si utovu wa adabu?"

"Ukienda kwa daktari, akakuuliza kama panauma, utamwambia hapaumi ili afurahi? Mwalimu huyu kaacha kwao ili nyinyi mjue. Mkimficha, safari yake mmeipoteza nyinyi. Akikuuliza, mwambie 'No'. Halafu muombe arudie."

Kesho yake Ame alikaa benchi la mbele. Mwalimu alieleza neno, akageuka.

Alimtaja Ame. Ame alikaza miguu chini.

"No," alisema.

Mwalimu alimtazama Mkubwa.

"No," alisema Mkubwa, akainama.

"No," wakasema wa nyuma.

Mwalimu Kwabena aliweka chaki mezani. Uso ulimshuka.

"Lakini... naam?" aliuliza. "Kila siku, naam?"

Ame alisimama. Alijiita mwenyewe kwa sauti, "Ame!" Akajiitikia, "Naam!" Kisha akagonga kichwa chake na kutikisa mkono: hamna kitu.

Mwalimu akacheka kwa nguvu, na darasa likacheka naye. Alifuta ubao wote.

"Tuanze," alisema.

Tangu siku ile alirudia kila neno mpaka wafahamu. Asubuhi alikwenda bandarini, akasoma na mahamali maandishi ya kwenye magunia yenyewe. Ame aliuliza bila kuchoka. Akicheka mtu, alimwacha acheke.

Jumatatu ikafika. Mkuu wa ghala alionesha makasha yaliyoandikwa "FRAGILE".

"Mmanga?"

"Hilo jina la mwenye mzigo," Mmanga alijibu haraka. "Tuyarushe ghalani tumalize."

"Ame?"

Ame alilitazama neno. Hakuwahi kufundishwa. Wenzake wote walikuwa wanamngoja.

"Hili silijui," alisema. "Asiguse mtu. Nakwenda kuuliza."

Alipanda melini, akamuuliza ofisa kwa Kingereza, pole pole, neno linasemaje. Ofisa alieleza. Ame hakufahamu, akamwambia hivyo, akaomba arudie. Ofisa akafanya ishara ya gilasi kuanguka na kuvunjika.

Ame akashuka. "Ni vitu vya kuvunjika. Bebeni wawili wawili, na msirushe."

Mkuu alifungua kasha moja. Lilijaa chupa za dawa, nzima zote.

"Kusoma mtajifunza," Mkuu alisema. "Mimi nataka mtu asiyekisia na mali ya watu. Ame, kazi ni yako."

Alasiri ile Mwalimu Kwabena alipofungua mlango wa darasa, mtu mmoja alikuwa kesha tangulia kusimama nje. Alikuwa Mmanga. Aliingia, akamsukuma Mkubwa kwa bega.

"Sogea nikae," alisema. "Na mimi sijui."