Jiwe Nambari Hamsini na Saba

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Yineth Cabrera alimkuta Dokta Baudilio chini ya genge, kifua kimelaliwa na bamba la mwamba lenye upana wa meza. Alimgusa shavu. Lilikuwa baridi. Juu ya genge palikuwa na pengo jipya.

Kambi yao hapo jangwani Tatacoa ilikuwa na watu wanne tu: marehemu; Yineth, mwanafunzi na msaidizi wake; Dokta Reinel, mtaalamu mwenzake; na Eliécer, mchunga mbuzi aliyewaongoza njia, kaka wa mama yake Yineth. Walikuwa wakitafuta mkondo wa mto uliokufa kabla binadamu hajakuwapo, kwa kusoma kokoto ulizoziacha mwambani. Na jana jioni Baudilio alimnong'oneza Yineth: "Kesho nitakuonyesha bamba litakalovunja jina la mtu."

Saa nne akafika Sajini Chavarro na askari wawili.

"Nani aligombana na marehemu?"

"Mimi," akasema Eliécer. "Jana. Alizuia mbuzi wangu wasipite kwenda kunywa, eti wanamkanyagia mawe yake. Nikamwambia genge litamla."

"Na leo limemla. Genge lako lina utii kweli." Sajini akatoa pingu.

"Sajini, mjomba wangu hawezi kuua."

"Binti, kila muuaji ni mjomba wa mtu." Akamgeukia Reinel. "Na wewe, Dokta, alfajiri ulikuwa wapi?"

"Jikoni, nachemsha kahawa. Huko juu sijapanda tangu tufike. Magoti yangu haya ni ya mzee."

Askari waliinua ukingo mmoja wa bamba ili mwili uvutwe. Yineth, aliyeshika kichwa cha mwalimu wake, akaona upande wa chini: mstari wa rangi ya kijani. Bamba likaachiwa, likalala kama lilivyokuwa.

"Umeona nini, Yineth?" Reinel alikuwa nyuma yake, nyundo ya kupasulia mawe mkononi.

"Damu tu, Dokta."

Aliogopa kama hajawahi kuogopa. Hatua ishirini hadi kwa Sajini, na kila hatua shingo ilimsisimka akisubiri pigo. Lakini mjomba alikuwa tayari na pingu mikononi, na akinyamaza yeye, nani angesema?

"Sajini, ligeuzeni lile jiwe."

"Mwacheni apumzike," Reinel akadakia. "Msichana amechanganyikiwa."

Sajini akaamuru ligeuzwe. Juu yake palikuwa na mshale, herufi ya kaskazini, na maandishi: R-57.

"Maana yake nini?"

"Sisi hatung'oi jiwe kabla ya kuliandika kaskazini iko wapi. Likitoka bila alama, ni la kujengea zizi tu. Mwalimu alitumia rangi nyekundu. Kijani ni ya Dokta Reinel. Fungua daftari lake."

Ukurasa wa mwisho, wa jana saa kumi na moja jioni, uliishia R-56, na yote yalikuwa mawe ya huku chini.

"Dokta," Sajini akasema polepole, "magoti yamepona lini?"

Reinel aliketi mchangani. Nyundo ikamtoka mkononi.

"Ni ile ramani yako, sivyo?" Yineth akamuuliza. "Ile iliyokupa cheo. Ulisema mto ulitiririka kaskazini, na kwamba ulipima hapa."

"Sikupima. Nilivitunga vipimo mezani. Jana nilimwona akilikagua bamba lile. Nilitaka kuling'oa tu, nikalipasue na kutupa vipande mbali. Akatokea chini, akaniita mwongo. Nilikuwa na mtaimbo; nikalisukumia chini."

"Halafu ukaliandika jiwe la kutupa?" Sajini hakuamini.

"Niliandika kabla hajaja. Mkono uliandika wenyewe. Miaka ishirini, Sajini, sijang'oa jiwe bila alama."

Pingu zikahama mikono. Eliécer alisugua vifundo vya mikono, akaja kusimama kando ya mpwa wake.

Yineth alichukua dira kwenye mfuko wa marehemu. Aliwaomba askari walizungushe bamba hadi mshale ukaelekea kaskazini kama lilivyokuwa gengeni, akapiga magoti ubavuni mwake. Kokoto zilikuwa zimeegemeana kama vitabu kwenye rafu isiyojaa, nyuso zake bapa zikitazama, kama ilivyo kawaida ya kokoto za mtoni, kule maji yalikotoka. Zote zilitazama magharibi.

"Mto ulikwenda mashariki," alisema. "Ungelitupa bila kuliandika, Dokta, tusingejua kamwe."

Reinel hakugeuka kutazama. Yineth akafungua daftari la mwalimu wake, akaandika kipimo.