Mbu wa Wiki ya Petro

Kila Jumanne asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Fenia alikwenda uani kwenye mtofaa uliotundikwa mtego wa mbu. Mtego ulikuwa na taa ndogo, feni ya kuvuta hewa, na mfuko wa wavu uliofungwa chini yake. Fenia aliutoa mfuko kwa uangalifu, akaufunga mdomo kwa uzi, kisha akautia ndani ya friza, kando ya samaki wa bibi yake.

"Mbu wanalala na samaki wangu," Bibi Agafia alilalamika. "Siku moja nitawapika wote supu moja."

"Utainywa mwenyewe, Bibi," Fenia alimjibu.

Baada ya muda mbu walikuwa wamekufa kwa baridi. Fenia aliwamwaga kwenye sahani nyeupe, akawahesabu mmoja mmoja kwa kibano, akaandika kwenye daftari. Hakuandika tarehe. Aliandika wiki ya Ivan, wiki ya Petro, wiki ya Ilya, kwa majina ya sikukuu za watakatifu, maana hivyo ndivyo watu wote wa kijiji chao cha Walipovani, Wakristo wenye asili ya Urusi waishio kwenye delta ya Mto Danube, walivyoziita wiki.

Kazi hiyo alipewa na Daktari Smaranda, mtafiti kutoka mjini. Kiangazi cha mwaka uliotangulia, mbu walileta homa mbaya, na babu yake Fenia, Babu Nikifor, akalazwa hospitalini mwezi mzima. Alipona, lakini mkono wake wa kulia ulibaki ukitetemeka, na hakuweza tena kushona nyavu. Daktari alitaka kujua, mto ukifurika, mbu huongezeka baada ya siku ngapi. Akilijua hilo, vijiji vyote vya delta vitaonywa mapema.

Mwishoni mwa Agosti Daktari alirudi kwa mashua, pamoja na Horia, kijana aliyemsaidia kazi za kompyuta. Waliketi mezani, Bibi akawamiminia chai. Horia alilifungua daftari, akatafuta tarehe za sikukuu kwenye simu yake, akaingiza hesabu zote. Kisha akakunja uso.

"Hii haiwezekani," alisema. "Mto ulifurika tarehe ishirini na saba Juni. Sikukuu ya Petro ni tarehe ishirini na tisa. Mbu mia tatu na kumi baada ya siku mbili tu? Yai la mbu linahitaji karibu wiki mbili mpaka litoe mbu wa kuruka."

"Labda mbu wa huku wana haraka," alisema Babu.

Horia hakucheka. "Fenia, uliwahesabu kweli, au ulikuwa unajiandikia tu?"

Masikio ya Fenia yalipata moto. Mbu wa Petro aliwahesabu. Lakini wiki ya Ivan alikwenda kuogelea na binamu zake, akasahau kuchaji betri ya mtego. Asubuhi alikuta mfuko mtupu. Kwa kuwa wiki iliyotangulia alipata mbu thelathini na wanane, akaandika arobaini. Sasa akisema, daftari zima litatupwa na vijiji havitaonywa. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Alimtazama Babu, aliyeshika kikombe kwa mikono miwili ili chai isimwagike.

"Wiki ya Ivan nilidanganya," alisema kwa sauti ndogo. "Sikuhesabu. Nyingine zote nilihesabu."

Horia akaifunga kompyuta. "Basi hizo nyingine tutaziaminije?"

"Mimi naziamini," alisema Daktari Smaranda. "Ile arobaini haikuonyesha kasoro yoyote, Horia. Mimi na wewe tungeipitisha. Ameitaja mwenyewe. Fenia, nieleze siku ya Petro."

"Nilihesabu mara mbili, Daktari, kwa sababu walikuwa wengi mno. Bibi alikuwa anakaanga soseji za kufungulia mfungo. Alisema nikiendelea kuchambua mbu mezani kwake atanifukuza pamoja nao."

Bibi alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini.

"Kwani ninyi mnasema Petro yupi?" aliuliza. "Wenu au wetu?"

Watafiti walitazamana.

"Kanisa letu linafuata kalenda ya zamani," Bibi aliendelea. "Petro wetu anakuja siku kumi na tatu baada ya Petro wenu. Ninyi mnakula nyama, sisi bado tunatafuna kabichi. Kijana, hukujua hilo na shule yako yote hiyo?"

Horia alihesabu kwa vidole. "Tarehe kumi na mbili Julai. Siku kumi na tano baada ya mafuriko." Akaifungua kompyuta tena, uso umemwiva. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilipaswa kuuliza kwanza."

"Kwa hiyo mwakani mto ukifurika, nina kama wiki mbili za kukaa nje," alisema Babu. "Baada ya hapo, nyuma ya chandarua."

"Kama wiki mbili, Babu," Daktari alisema. "Tutaviambia vijiji vyote."

Kisha akamsogezea Fenia daftari na kalamu.

"Kosa la Horia tumelitafuta, tumelipata," alimwambia. "Lakini namba ya uongo inafanana na za kweli, kwa hiyo hakuna anayeitafuta. Watu wanaijengea maonyo, na wagonjwa wanaongezeka. Siku usipohesabu, andika kwamba hukuhesabu. Hiyo nayo ni kazi."

Fenia alipiga mstari juu ya arobaini. Pembeni yake akaandika: "Sikuhesabu. Nilikwenda kuogelea."