Pima Saba

Karatasi ilikuwa na unyevu mahali pamoja tu, padogo kama ukucha: penye namba saba, kina cha bahari kwa pima. Bwana Sahihi akapakausha kwa kitambaa, akalaani paa. Paa halikuvuja.

Enzi hizo ramani za bahari zilichorwa kwa mkono, na wachoraji wenzake walimpa jina hilo kwa jinsi alivyowacheka hadharani wakikosea hata ghuba moja. Ramani hii ilikuwa ya shemeji yake, nahodha, kaka wa mkewe. Kesho angeng'oa nanga na watu ishirini.

Adhuhuri chumba kikanuka magugu ya bahari yaliyooza. Mkewe akaja ameziba pua, akauliza nani kaficha samaki humu. Kabla hajajibiwa, wakasikia chini ya meza kitu kizito kikitumbukia majini, kisha kamba ikiteremka polepole, polepole, na sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke ikihesabu, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, mpaka ikafika mbili, ikanyamaza.

"Pima mbili," mke akarudia kwa mnong'ono. "Baba watoto, hapo umeandika saba."

Mganga akaitwa. Alinusa karatasi, akaurudisha ubani mkobani. "Jini huyu hakumvamia mtu. Hapo penye saba pana mwamba, ndio nyumba yake, na mtu kaufuta ramanini. Muulizeni aliyeufuta."

Basi ukweli ni huu, na hauna utamu. Siku ya kupima, bahari ilichafuka, Bwana Sahihi, mtu mzima, akatapika, akaona taabu kushusha bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina. Akarudi nyumbani, akajaza namba kwa kukisia. Uongo ni uongo tu, hata uandikwe kwa hati nzuri.

Nahodha alipofika, Bwana Sahihi alisema na sakafu.

"Shemeji, hiyo saba sikuipima."

"Na hii nane?"

"Hata hiyo."

"Na watu husema mabaharia ndio waongo."

Akampa kisu. Bwana Sahihi akakwangua namba moja moja mbele ya mkewe, na kwa kila iliyotoka harufu ikapungua, mpaka bahari yote ikawa nyeupe, imesalia tatu peke yake, karibu na gati. Akaweka kisu chini.

"Hiyo niliipima kweli," akasema.

Mkewe akakiokota kisu, akamrudishia.