Simu ya Mke wa Fundi Saa

Kila asubuhi saa mbili, msaidizi alipiga hodi kwa fundi saa. Fundi alitengeneza saa za watu kwa miaka thelathini, mpaka alipopoteza uwezo wa kuona. Sasa alihitaji mtu wa kumsomea barua, kumpangia vidonge na kumshika mkono barabarani. Kwa utani alimwita msaidizi wake Macho.

"Macho, umechelewa dakika nne," alisema asubuhi hiyo.

"Saa zenyewe huzioni, fundi!"

"Nazisikia. Zote nane ukutani. Ile ya jikoni ndiyo inayodanganya."

Wakacheka. Msaidizi aliipenda kazi yake, hata siku ambazo fundi aliamka na kisirani. Lakini siku hiyo fundi hakugusa chai. Mke wake, fundi cherehani, alikuwa ameshakwenda kazini na kusahau simu mezani.

"Macho, funga mlango," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Simu ya mke wangu iko hapo inachaji. Namba ya siri ni mwaka tuliooana. Nisomee anaandikiana na nani."

Msaidizi aliitazama simu. "Fundi, hiyo ni simu ya mama."

"Siku hizi ananong'ona na watu uani. Nikisogea ananyamaza. Nadhani anataka kuniacha. Wewe si macho yangu? Au niiombe ofisi iliyokutuma iniletee mwingine?"

Msaidizi alimwonea huruma. Pia aliogopa kupoteza kazi. Akaichukua simu, akabonyeza namba. Akaona ujumbe wa kwanza, maneno matatu tu, kisha akairudisha mezani haraka kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

Fundi akasukuma kikombe kando. Mtu anayesikia saa ikidanganya hashindwi kumsikia binadamu.

Mchana msaidizi hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa msimamizi wake. Huyu alikuwa mama anayetumia kiti cha magurudumu, aliyewahi kuhudumiwa na wasaidizi wa kila aina, wazuri na wenye vituko.

"Mama, nimeharibu," alisema, akaeleza yote. "Nikaona imeandikwa—"

"Wee! Ishia hapo hapo!" Msimamizi aliziba masikio. "Ujumbe huo si wangu. Wala si wako."

"Lakini mimi ni macho yake."

"Kwa vitu vyake. Mteja akikuomba jambo, jiulize: kama angekuwa anaona, angekuwa na haki ya kulifanya? Barua yake msomee yote, hata ikiwa na matusi. Simu ya mkewe, hapana. Hata mume mwenye macho mazima hana ruhusa ya kupekua."

"Alisema ataomba mtu mwingine."

"Angeomba kwangu, nami ningemuuliza sababu. Ndiyo maana unapaswa kuniambia siku hiyo hiyo. Na unapokataa, kataa ombi, usimkatae mtu. Mwambie, 'Hilo siwezi, fundi. Lakini naona una wasiwasi. Nikusaidieje uzungumze na mama?' Ombi lake lilikuwa baya. Hofu yake ni ya kweli."

Msimamizi aliandika tukio daftarini, bila neno hata moja la ule ujumbe. Kisha akainua macho. "Na ule uongo wako?"

"Nitausahihisha kesho kwa fundi."

"Kwa fundi tu?"

Msaidizi aliinamisha kichwa. "Na kwa mkewe."

"Vizuri. Nitawapigia simu wawepo wote wawili."

Kesho yake msaidizi alisimama mbele yao. "Mama, jana nilifungua simu yako. Nilisoma maneno matatu. Halafu nikamdanganya fundi kwamba sikuona kitu. Nimewakosea. Nisameheni."

Mke aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Simu yangu? Nakuachia nyumba nzima, nawe unanipekua?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Msaidizi hakujitetea.

"Mimi ndiye niliyemtuma," fundi alisema. "Nilitaka kujua kama unaondoka."

"Niondoke niende wapi?"

"Unanong'ona uani."

"Naongea na dada yangu! Namwambia kwamba mchana kutwa niko kwenye cherehani, na jioni nakupeleka kila unakotaka, hata kununua betri moja. Sikutaka usikie, ungejiona mzigo." Machozi yakamtoka. "Nimechoka, mume wangu. Lakini sijakuchoka wewe."

Fundi alinyoosha mkono hewani akiutafuta wake. Akaupata. Msaidizi akajiondoa polepole, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

Baada ya hapo walipanga mambo upya. Ofisi ilimleta mwalimu wa kumfundisha fundi kutembea kwa fimbo nyeupe ya wasioona. Mwezi haukuisha, fundi akawa anakwenda dukani mwenyewe, na mke wake akapata jioni za kupumzisha miguu. Msimamizi naye alimwonyesha fundi kwamba simu yake mwenyewe inaweza kumsomea ujumbe kwa sauti. Miaka yote alikuwa nayo mfukoni bila kujua.

Asubuhi moja simu hiyo ikatangaza, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: "Ujumbe mpya kutoka kwa mke wangu." Fundi hakuwa amejifunza bado kupunguza sauti.

Msaidizi alichukua beseni la nguo, akaelekea uani.

"Kaa tu, Macho. Hapa hakuna siri."

"Umemuuliza mama?"

Fundi alifikiri kidogo. "Haya, nenda kaanike."

Msaidizi alifunga mlango nyuma yake. Akaanika mashati moja moja, bila haraka. Mara akamsikia fundi ndani akicheka peke yake.

Mke alimwandikia nini? Msaidizi hajui. Nasi hatutamuuliza.