Alama za Penseli Ukutani

Kila adhuhuri Dado alichukua birika lake, akaenda kutawadha kwenye pembe ya nyumba iliyo upande wa jikoni. Pale palikuwa na kivuli. Pale pale alifua, akaosha vyombo na kunywesha mbuzi. Nyumba yenyewe ilikuwa mpya, ya matofali na mabati, hapa Garsen. Zamani Dado, kama wanawake wengi wa Kiorma, aliishi katika nyumba ya nyasi aliyoijenga kwa mikono yake. Ile aliijua kila ufito. Hii hakuijua, na mtu asichokijua hukitilia shaka.

Mwezi wa pili joto lilizidi. Udongo mweusi wa uani ukapasuka. Kisha mchana mmoja paa likalia kama limerushiwa mawe: ta! ta! Dado alitoka mbio, asione mtu. Kesho yake likalia tena. Wiki hiyo hiyo ukuta wa magharibi ukapata ufa. Baya zaidi, mtu alikuwa amechora mistari ya penseli kwenye ncha za ufa ule, na tarehe kando yake.

Dado alimwambia jirani yake, Sabdio.

"Mawe kwa bati, alama kwa ukuta," alisema Sabdio, akipunguza sauti. "Hiyo si bure. Mtu anataka kiwanja chako."

"Nani?"

"Hujaona yule fundi Jairus anavyopita hapa? Macho kwa nyumba yako tu!"

Ni kweli, Jairus alipita mara nyingi. Alikuwa fundi wa kujenga, Mpokomo wa Golbanti. Dado akaapa kwamba Jumatatu atamshtaki kwa chifu. Alijua kwamba Mworma akimshtaki Mpokomo kwa habari ya ardhi, maneno hayabaki ya watu wawili, huwa ya makabila mawili. Aliogopa. Lakini aliogopa zaidi ukuta kuwaangukia watoto wake.

Jumamosi alijificha nyuma ya tangi la maji. Jairus akaja, akachutama ukutani, akatoa penseli.

"Simama hapo hapo!" Dado alichomoka na mwiko mkononi. "Unatafuta nini kwa ukuta yangu?"

"Nilipiga hodi, Mama Issack, hukuitika," alisema Jairus akirudi nyuma. "Mzee Roba aliuona ufa huu kabla ya kwenda malishoni, akaniomba niuangalie. Hakukwambia?"

Dado akampigia mumewe simu papo hapo. Roba akacheka kwa aibu. "Nilisahau, Mama Issack. Kiangazi kimenichanganya na hawa ng'ombe."

Dado hakuridhika. Wanaume wawili wanaweza kupanga uongo mmoja. "Na mawe? Nani anarusha mawe kwa bati?"

"Nipe ngazi na kopo moja la maji."

Jairus alipanda, akamwaga maji juu ya bati la moto. Ta! Ta-ta-ta! Dado akatazama huku na huku. Uani walikuwa wao wawili tu.

"Bati likipata joto hutanuka," alisema Jairus. "Likipoa hunywea. Hata wingu likipita, bati linalia. Mwishowe misumari hulegea, na mvua ikija paa linavuja."

"Na ufa?"

Jairus alimwongoza hadi pembe ya jikoni. "Hapa pana matope. Kule magharibi pamekauka. Udongo huu mweusi ukilowa huvimba, ukikauka hunywea. Pembe moja inainuka, nyingine inazama, ukuta unapasuka. Nani anamwaga maji hapa kila siku?"

Dado aliangalia birika lake. Alitamani ardhi immeze, na nyufa za kummeza zilikuwa tele.

"Kumbe adui wa nyumba ni mimi?"

"Wewe na jua, mama. Jua halisikii. Wewe unasikia."

Akamweleza polepole. "Maji ya kufulia yagawe. Nyunyiza kidogo jioni, kuzunguka nyumba yote, hatua moja kutoka ukutani. Kisha funika udongo kwa nyasi kavu. Usipande mti mkubwa karibu na msingi. Toa magunia uliyozibia matundu ya juu, hewa ya moto itoke."

"Na hii mistari?"

"Ni ya kupimia. Ufa ukivuka mstari, bado unakua. Ukitulia, tutauziba. Lakini kidole kikiingia ndani ya ufa, au mlango ukikataa kufunga, toa watoto nje na uniite siku hiyo hiyo."

Jairus alibadilisha misumari iliyolegea, akatia mipya yenye raba. Akapaka paa chokaa nyeupe ili lisishike joto sana. "Umebaki ukuta wa magharibi," alisema. "Jua linauchoma alasiri yote. Unataka kivuli."

"Kivuli?" Dado alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hiyo niachie mimi."

Alikata nyasi, akasuka mikeka kama ile ya nyumba yake ya zamani, akaitundika kwenye nguzo mbele ya ukuta.

Jumatatu hakwenda kwa chifu. Wiki tatu zikapita, na ufa haukuvuka mstari. Ndani kukapoa, watoto wakalala vizuri. Paa bado lililia mara moja moja, lakini Dado hakutoka tena mbio.

Siku moja Sabdio akaja, macho yamemtoka. "Dado! Nimeona alama ya penseli kwa ukuta yangu! Si nilikwambia, yule Jairus..."

Dado alifungua pindo la leso yake, akatoa penseli.

"Si Jairus. Ni mimi. Ukuta yako ina ufa, Sabdio. Twende unionyeshe unamwaga wapi maji."