Jina la Marehemu Kwenye Kaburi la Mume Wangu

Nina miaka hamsini na minane. Ni mjane, naishi mtaa wa Panda, hapa Likasi, Kongo, katika nyumba ileile niliyoletwa nikiwa bibi harusi na mume wangu Mukendi. Ndugu wasomaji, mtanicheka au mtanililia, chagueni wenyewe... mimi nimekwisha kufanya yote mawili.

Mukendi alikuwa na kaka mkubwa, Tshibangu, mfanyakazi wa kiwanda cha shaba. Kabla sijaolewa katika ukoo ule, Tshibangu alikwenda kuvua samaki katika ziwa la Tshangalele wakati wa likizo, mtumbwi ukapinduka. Walimzika kulekule kimyakimya, bila karatasi yoyote. Aliacha mke, Odia, ambaye mimi nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa, na watoto wadogo. Ukoo ukakaa na kuamua: Mukendi aingie kiwandani kwa jina la kaka yake, ili watoto wasikose posho ya unga na matibabu. Walifanana. Msimamizi alijua, akafumba macho.

Basi nikaolewa na mtu mwenye majina mawili. Nyumbani na kanisani, Mukendi. Akivuka lango la kiwanda, Tshibangu. Na kwenye faili, mke wake ni Odia! Sikuona wivu. Nilimpenda Odia kama dada wa tumbo moja.

Lakini jina lile lilimtesa mume wangu. Akipewa viatu vipya vya kazi, hakuvivaa. Aliviweka mlangoni siku nzima. Nilipomuuliza, alisema anamsubiri mwenye jina apite kwanza.

Baadaye kiwanda kilifungwa, kikanunuliwa na watu wengine, na wao wakamwajiri upya. Hapo ndipo alipoandikishwa kwa jina lake la kweli. Alifurahi mno! Haikuchukua miaka mingi, mapafu yakamshinda.

Siku ya mwisho hospitalini nilimwita: Mukendi! Mukendi!... Hakugeuka. Muuguzi mmoja aliyemjua tangu enzi za kiwanda akaita, “Tshibangu.” Mume wangu akafumbua macho, akaitika. Jamani! Hilo ndilo neno lake la mwisho, kuitikia jina la mtu aliyekufa.

Nilimzika kwa jina la Mukendi, kisha nikaenda ofisi ya pensheni. Karani alitafuta, akatikisa kichwa. “Mama, ule Mukendi iko na miaka kiloko tu. Pale mbele hatumuone.”

Miaka ile michache haikutosha kunipa pensheni ya mjane. Ilibidi nizibe pengo la huko nyuma, nithibitishe kwamba Tshibangu wa kiwandani ndiye Mukendi wangu. Nilitakiwa kuleta wazee wawili waliofanya naye kazi. Tena yule mke wa kwenye faili aje aseme kwamba Tshibangu wa kwanza alikufa zamani.

Nikakimbilia kwa Odia. Alinikumbatia, akalia, akaniita mdogo wake. “Usiogope, muloko. Tuandike Tshibangu ku musalaba, bale ba bureau bataona asema ni muntu moja.”

Eti watu wa ofisini wataona kwamba majina mawili ni mtu mmoja. Nikamwamini! Nilishika kopo la rangi kwa mkono wangu, fundi akafuta Mukendi, akaandika Tshibangu. Odia akapiga picha kwa simu yake. Nilidhani ni ya ukumbusho...

Siku ya ushahidi tulikwenda wote pamoja. Wazee walisema kweli tupu: yule tuliyemzika tulifanya naye kazi miaka yote, na sisi tulimjua kwa jina la Tshibangu. Moyo wangu ukatulia. Karani akamgeukia Odia.

“Bwana yangu njo Tshibangu,” akasema, akionyesha ile picha. “Alikufa mwaka yenye ilipita. Kaburi yake njo hii.”

“Na huyu mama?”

“Alikuwa anamuchunga mu bugonjwa. Mungu amubariki.”

Eti mimi mtunza mgonjwa tu, Mungu anibariki! Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja. Mzee mmoja alijaribu kusema kwamba mimi ndiye niliyeishi na marehemu. Karani akajibu kwamba wao wanafuata faili. Pensheni akapewa Odia.

Nilimfuata kwake nimuulize kwa nini. Hakunifukuza. Alisema alipokufa mumewe ukoo ulimkataza kulia, maana anayekwenda kazini kila asubuhi haliliwi. Sasa ndiyo ameruhusiwa kuwa mjane... Nilirudi nyumbani.

Siku ya kuwaombea marehemu nilimkuta Odia kaburini amevaa nyeusi, ameshapanda maua. Nilisimama kando kama mgeni. Nilitaka kurudisha jina la Mukendi msalabani, lakini mtunza makaburi akasema hawezi bila ruhusa ya mke wa marehemu. Nikamwita mume wangu kwa sauti ya chini. Ulimi ukanisaliti, nikasikia nimetamka Tshibangu.

Viatu vyake bado viko mlangoni. Siwezi kuvitoa. Sijui tena ninamsubiri nani apite.

Dada zangu, nawasihi! Huruma ya kuazima jina la marehemu ni tamu siku ya kwanza tu. Msingoje msiba kama mimi. Mumeo akirudi kutoka kazini leo, mpe maji, mkae, umuulize huko anaitwa nani na mke wake ni nani. Muulize wakati bado anaweza kukujibu.